Herufi Saba Ubavuni mwa Robota

Mimi hapa nilipofika, hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeona simba amelala kwenye kivuli cha kibao nilichokiandika kwa mkono wangu, na kibao chenyewe kinasema HATARI. Nimeona kijiji kizima kikihama asubuhi moja, watu na milango yao kichwani. Nimeona Mgiriki tajiri akilia mbele ya vibarua wake. Kwa hiyo ninyi vijana mnaokuja hapa Mikumi kuniuliza tulifanyaje kazi zamani, msidhani mtaleta swali likanikuta nimefumba macho. Nimeona ni afadhali niandike, maana kila mmoja wenu huja na masikio yake.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye shamba moja la mkonge nje kidogo ya Kilosa, mwaka mmoja hivi kabla ya Uhuru. Baba yangu alifika hapo kutoka kusini akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mimi shule nilisoma hadi darasa la pili, la tatu nililiona kupitia dirisha. Lakini nilikuwa na jicho na nilikuwa na mkono, na mpaka leo sijaona cheti kilichovizidi hivyo viwili.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana siku hizi kijana anashika kamba hajui ilikotoka. Majani ya mkonge yakishakatwa yanapelekwa korona, mashine kubwa inayokwangua nyama ya kijani zikabaki singa, nyuzi zenyewe. Singa zinaanikwa juani kwenye nyaya mpaka ziwe nyeupe, halafu zinapigwa brashi zilainike, halafu zinakuja presi. Presi ndiyo inayozikandamiza zikawa robota, mzigo mmoja mgumu kama ukuta, unaoviringishwa na wanaume wanne wakitukanana kwa upendo. Robota likishafungwa kamba, linabaki jambo moja tu: alama. Bila alama hata liwe zuri namna gani ni takataka, kwa sababu bandarini hakuna atakayejua ni la nani wala linakwenda wapi. Mimi nilikuwa mtu wa alama.

Aliyenipokea ni Mzee Hamisi, mnyapara wa presi, mtu mfupi mwenye sauti iliyozidi mwili wake.

"Unajua kusoma wewe?"

"Najua, Mzee."

"Soma pale."

Nikatazama ubavu wa robota. Nikaanza kuokota herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Kabla sijafika katikati akanikata.

"Hiyo ni Dar es Salaam. Ukishaijua hiyo umemaliza shule. Shamba hili halina safari nyingine."

Na kweli halikuwa nayo. Alama ya shamba na alama ya daraja la mkonge zilikuwa zimetobolewa kwenye mabati mazima, lakini jina la mji lilipangwa kwa herufi za shaba, kila moja kipande chake, unazitelezesha kwenye fremu ya mbao, unaweka fremu ubavuni mwa robota, unapitisha wino. Bwana Meneja, yule Mgiriki, alikuwa bahili wa kusifika. Alinunua vipande vinavyotosha kuandika DAR ES SALAAM na hakuongeza hata kimoja. Ukivihesabu ni kumi na kimoja, lakini herufi ni saba tu, kwa sababu A zimo nne na S zimo mbili. E moja, D moja, R moja, L moja, M moja. Basi. Huo ndio ulikuwa utajiri wetu.

Wino tuliuchanganya wenyewe, masizi na mafuta ya taa. Siri yake ni hii, na mwenye kutaka kuiba aibe: wino haupakwi, unagongwa. Brashi iwe karibu kavu, uiguse kwenye wino, uikung'ute, halafu ugonge juu ya herufi kama unabisha hodi kwa mtu mgonjwa. Ukipaka, unavujia chini ya shaba na herufi inaota ndevu. Mimi baada ya miezi michache herufi zangu hazikuwa na ndevu. Mzee Hamisi mwenyewe alikuwa akiwaleta wageni wazione.

Sasa wakati wa mapumziko ya mchana, wenzetu wa korona walicheza bao. Sisi wa presi tulicheza herufi. Tulimwaga vile vipande kumi na kimoja juu ya gunia, na kila mmoja akajaribu kupanga neno la Kizungu. Kizungu hatukukijua! Hapo ndipo utamu wake. Ulipanga tu kwa sura, ukaliangalia likakupendeza, halafu ukangoja Karani Mkuu apite.

Karani Mkuu alikuwa mzaliwa wa Masanze, amesoma mpaka darasa la nane, penseli haitoki sikioni. Kila siku alipita presi kuhesabu marobota. Alisimama mbele ya gunia letu, akatazama, akasema neno moja kati ya mawili: "Lipo," au "Halipo." Akisema lipo, anakupa na maana yake, na kuanzia hapo neno ni lako. Hata jina lako linakuwa hilo. Mzee Hamisi alikuwa ALARM, kelele ya hatari, na hakuna aliyepinga. Petro, jamaa yangu wa kufunga kamba, alikuwa MEAL, mlo, na huyo alipewa haki yake maana alikula kama presi.

Mimi nilihangaika. Nilipanga MALED, halipo. Nilipanga SADEL, halipo. Petro akanicheka.

"Wewe unatafuta Kizungu au unatafuta dawa ya mchango?"

Siku moja nikapanga MEDAL. Karani akatoa penseli sikioni.

"Lipo," akasema. "Ni nishani. Wanavalishwa askari kifuani."

Nishani! Mimi, mtoto wa manamba! Mpaka leo ukishuka Kilosa ukauliza Medali, watakuonyesha njia ya kuja Mikumi.

Neno lilikuwa mali. Halikuporwa. Lakini mtu aliweza kumpa mwenzake neno, na kupewa neno halikuwa jambo dogo. Mzee Hamisi alikuwa na neno la pili, SEAL, muhuri. Akampa kijana wa korona aliyekuwa akimposa binti yake. Presi nzima tukajua hapohapo kwamba posa imepita, kabla hata ya mahari kufika. Lishikeni hilo vizuri, maana ndilo lililoniendesha.

Karani Mkuu alikuwa na binti. Hapa nitamwita Salma. Jina lake halisi silo, ingawa nalo laandikika kwa herufi zilezile, na ninyi wa Kilosa msijisumbue kumtafuta. Alikuwa akimletea baba yake chakula ofisini, na kurudi kwake alipita presi. Alimwamkia Mzee Hamisi shikamoo kwa kupiga goti kidogo, halafu akanigeukia mimi.

"Kaka Medali, wewe ni wa bati au wa dhahabu?"

"Wa shaba, dada. Huoni nashinda na shaba?"

"Shaba hupata kutu ya kijani."

"Ikisuguliwa na mtu anayeijali haipati."

Alicheka, akaenda zake. Ninyi mtasema hayo ni maneno matupu. Kwangu yalinitosha kupandisha marobota peke yangu. Nilimtaka Salma awe mke wangu. Sikuwa na ajenda nyingine katika maisha. Kila senti niliyoiweka, niliiweka kwa jina lake.

Uhuru ulipokwisha kupatikana, Salma akachaguliwa kwenda kusomea ualimu Dar es Salaam. Siku ya kuaga alipita presi kama kawaida.

"Nitakaa kwa mjomba," akasema. "Ni kuli wa godauni la mizigo la reli, na mimi ndiye nitakayempelekea chakula cha mchana. Kwa hiyo marobota yenu nitayaona. Nitajua kama mnafanya kazi au mnalala."

Alikuwa akituambia sote. Mimi nilisikia kama ameniambia mimi.

Juma lililofuata, kwenye robota la mwisho la behewa, chini ya DAR ES SALAAM, niliweka fremu tena nikagonga herufi tano: SALMA. Nilitaka kuandika zaidi. Lile neno lenyewe ambalo kila mtu analijua, hata asiyejua Kizungu, nilijua linaanza na L. Lakini O hatukuwa nayo, na ile nyingine ya tatu sikuwahi hata kuigusa. Basi nikaacha jina peke yake, wino mwembamba, hakuna ndevu.

Behewa likaenda. Juma la pili yake, nikiwa nimeinamia robota niligonge tena, kivuli kikasimama mbele yangu. Karani.

"Medali."

"Naam, Karani."

"Juzi nilipohesabu nililiona neno. Lile nalo ni daraja gani la mkonge?"

Niliweka brashi chini. Alama isiyo na amri ya ofisi ilikuwa kosa la kufukuzwa. Mzee Hamisi alianza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Karani akageuka kutazama kama Bwana Meneja yuko karibu. Hakuwepo.

"Leo weka READ," akasema kwa sauti ya chini. "Soma. Papo hapo pembeni, na herufi zisilale upande."

"READ, Karani?"

"Umenisikia."

Akaenda zake. Petro akapiga kofi kwenye paja.

"Amempa neno! Karani amempa mtu neno!"

"Hajawahi," alisema Mzee Hamisi. "Tangu nimjue, yule ni hakimu, hatoi."

"Mahari utalipa kwa fedha au kwa singa?" Petro akaniuliza.

Mimi nilikuwa naelea. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema lipo na halipo, leo ananipa neno kwa mkono wake, nimwandikie binti yake! Katika desturi ya presi hakukuwa na tafsiri nyingine. Kwangu mimi nilikuwa nimeshakubaliwa.

Tukaendelea hivyo msimu baada ya msimu. Karani alipita, akasema neno, mimi nikagonga. READ ilirudi mara nyingi. Ikaja LEAD, ongoza. Ikaja REAL, kitu cha kweli. Mara nyingine majuma yalipita bila neno, halafu akaja asubuhi uso umekunjamana, akasema "DREAM," ndoto, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba. Nilitaka kupanga LEADER, kiongozi, nimwonyeshe kwamba nami nafikiri. Akaniambia E ni moja, acha ubishi. Hivyo ndivyo mkwe anavyosema na mkwe.

Mara moja tulikaribia kuangamia. Bwana Meneja alishuka presi bila taarifa, akaliona robota la DREAM limesimama mlangoni.

"Nani weka hii? Mimi nauza katani! Mimi hapana uza usingizi!"

Karani alitoka ofisini akikimbia, mtu ambaye hakukimbia hata mvua.

"Ni alama ya fungu, Bwana Meneja. Bandarini wanautambua mzigo wetu upesi."

"Nani amesema?"

"Mimi."

Mgiriki akamtazama, akanitazama, akatazama herufi. "Nzuri," akasema. "Lakini andika dogo."

Niambieni, baba mkwe gani mwingine angejitosa hivyo? Mzee Hamisi alikuwa mtu mzima, yeye alinishauri vingine.

"Tuma mshenga, Medali. Neno ni neno, lakini posa ni posa. Mimi nilipotoa neno nilikuwa nimeshaletewa barua na kilemba."

"Mshenga wa nini, Mzee? Nimtume mtu akaseme kile ambacho mwenye mtoto ananiambia mwenyewe?"

"Amekuambia lini?"

"Kila juma!"

Akatikisa kichwa akaenda kupigia kelele watu wa kamba.

Halafu likaja Azimio, na shamba likawa la umma. Bwana Meneja aliondoka akilia barazani, mkoba mmoja mkononi. Akaja Ndugu Meneja, kijana wa suti ya Kaunda, mwenye heshima zake. Alituita mkutanoni, akasema mashamba yote sasa ni ndugu, na ndugu huvaa sare. Likaletwa bati moja zima, alama na mji na kila kitu, unalibandika, unapitisha wino, umemaliza. Hata mtu kipofu angeweza. Vile vipande kumi na kimoja vikaenda stoo, na nilivyosikia, fundi mmoja alivifanya viraka vya vibatari. Sikuuliza zaidi. Kuna vitu mtu huviacha asijue mwisho wake.

Mwaka huohuo Karani Mkuu alistaafu, akaenda kukaa Dar es Salaam. Nilimsindikiza stesheni ya Kilosa, nikambebea sanduku mwenyewe, sikumwachia mpagazi.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, Medali. Mikono yako imefanya kazi kubwa. Mwenzio amemaliza ualimu."

"Alhamdulillahi."

"Na wewe usizeeke hapa unabandika bati. Mtu mwenye herufi iliyonyooka halali njaa. Nenda kajenge."

Kajenge! Nilisimama pale mpaka behewa la mwisho likapotea, na lile neno likilia masikioni. Mkwe anataka nyumba kwanza. Ni haki yake.

Nikaja Mikumi. Mbuga ilikuwa changa, barabara ina vumbi, wageni wanaanza kuja na wanashuka kwenye magari kupiga picha nyati. Bwana Mhifadhi alikuwa anatafuta mwandika vibao.

"Kizungu unakijua?" akaniuliza.

"Herufi saba nazijua kuliko aliyezitunga."

"Na kumi na tisa zilizobaki?"

"Nipe juma moja, Bwana Mhifadhi."

Akacheka mpaka akashika meza, lakini alinipa. Nilizijifunza zote. G ilinitesa, na ile Q sijaielewa faida yake hadi sasa. Rangi ya mafuta si kama wino wa masizi: hii unaivuta, huigongi, na mbao lazima ishibe rangi ya kwanza ikauke ndipo uandike, la sivyo jua la Mikumi linaibandua kama ganda la nyoka. Nyinyi mnaopita leo mkaona kibao kimeinama lakini maandishi yake yanang'aa, jueni nani alikisimamisha.

Vijiji vya ujamaa vilipoanza, Katibu Tarafa akaniita. Nilizunguka kwa baiskeli, makopo ya rangi kwenye keria, Zombo, Masanze, mpaka njia za Berega ambako nilisukuma zaidi kuliko kupanda. Kijiji kilikuwa kikihama, nami nafika kabla ya nyumba. Mara kadhaa nilisimamisha kibao cha KARIBU mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kukaribisha wala wa kukaribishwa, ila mimi na ndege.

Halafu ikaja amri ya Kiswahili maofisini. Hapo nilipata kazi nyingi, na nilipata huzuni ambayo sikumwambia mtu. Kazi ilikuwa kufuta Kizungu. Katibu Tarafa alikuwa akinyoosha kidole: "Ndugu Fundi, hicho futa. Na hicho." Nilikubaliana naye, lugha yetu ni yetu, na nilifuta vizuri kuliko alivyotaka. Lakini kulikuwa na duka moja Kilosa lenye SALE juu ya mlango. Herufi zangu zile! Nilipoinua brashi niifunike S, niliishusha tena, nikajiona niko presi mchana, gunia chini, Petro anatafuna, na mtu anakuja na chakula cha baba yake amekifunika kwa kitambaa. Mwenye duka akaniuliza kama ngazi inayumba. Nikamwambia ndiyo, inayumba.

Nyumba nilijenga. Tofali za kuchoma, bati jipya, vyumba vinne, dirisha la mbele lina wavu. Hapa Mikumi wakati ule nyumba za namna hiyo ungezihesabu kwa mkono mmoja na ukabakiwa na vidole. Watu waliuliza, bwana mkubwa kama wewe, umejenga yote haya, unakaa na nani? Niliwaambia mwenyewe yupo, anakuja.

Siku hizi brashi nimeitundika. Macho yangu yanaona mistari miwili pale ulipo mmoja, na mtu wa herufi akifikia hapo aheshimu kazi aiache. Nina mashine ya kusaga, nina vyumba vya wageni, watoto wangu wanasoma, mke wangu ni mtu wa Zombo na ndiye anayejua kuniambia nyamaza nikanyamaza. Sijanung'unika. Kazi ilinipa kila kitu alichokuwa nacho aliyesoma, na nyumba yangu ni kubwa kuliko ya wengi wao. Lakini nikilala mchana, sioti nyumba. Naota presi. Nasikia vile vipande vinamwagwa juu ya gunia, mlio wake mdogo, na natafuta neno.

Na mke wangu huyo nilimwoa kwa kuchelewa, na vijana mnapenda kuniuliza sababu. Basi hii ndiyo.

Nyumba ilipokuwa inangoja milango ya ndani tu, zikaja habari kwamba Karani amefariki Dar es Salaam. Nilipanda basi la asubuhi. Nilivaa kanzu mpya, na nitasema ukweli, sikuishonesha kwa ajili ya msiba. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, jinsi nitakavyokaa na wazee wao baada ya siku za maombolezo, nieleze kwamba marehemu mwenyewe alikuwa ameshanikubali, na mashahidi wako presi nzima.

Nyumba ilikuwa Temeke. Nilitoa rambirambi yangu, nikaketi mkekani na wanaume. Baada ya dua, Salma alitoka kuwaamkia waliotoka Kilosa. Alikuwa mtu mzima sasa, mtandio mweusi, macho yamevimba. Nyuma yake alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani, kambeba mtoto aliyemlalia begani, mtoto mwenye paji la uso la Karani mtupu.

"Kaka Medali!" akasema. "Umekuja kutoka mbali kote huko?"

"Nimekuja. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Huyu ni baba watoto wangu, mwalimu mwenzangu. Mume wangu, huyu ndiye shahidi niliyekuwa nakuambia. Alikuwepo presi! Kaka, waambie, maana hapa hawaniamini. Si kweli baba alikuwa akiniandikia kwenye marobota?"

Watu wakanigeukia.

"Mwaka ule wa kwanza nilitaka kutoroka nirudi nyumbani," Salma akaendelea. "Darasani wote wanazungumza Kizungu, mimi nalia chooni. Siku napeleka chakula cha mjomba, nikaona robota la Kilosa, pembeni READ. Nikajua ni baba tu. Nani mwingine wa kuamrisha alama? Baba alikuwa mgumu wa maneno, kwa mdomo hajawahi kuniambia hata kazi nzuri. Lakini kila nilipokaribia kuanguka, neno linakuja. Nilirudi darasani kwa yale maneno. Kaka, si alikuwa yeye?"

Nikamkumbuka Karani asubuhi ile ya DREAM, uso umekunjamana. Barua ya binti lazima ilikuwa imefika siku hiyo, nikaelewa.

"Alikuwa yeye," nikasema. "Yote yalitoka kinywani mwake. Sisi tulikuwa mikono tu."

Kukawa na minong'ono ya kumsifu marehemu. Salma akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, halafu akasogea karibu kidogo.

"Ila moja. La kwanza kabisa, kabla ya READ. Liliandikwa SALMA, peke yake. Nililitazama siku ile mpaka mjomba akanifokea chakula kinapoa. Baba hakuniita Salma hata siku moja, nina jina la mama yake, aliniita Mama. Nilimwuliza, akasema la kwanza si lake. Unamjua aliyeliandika?"

Mumewe alikuwa anambembeleza mtoto. Wanaume wa mkekani walikuwa wananitazama, na mimi ni mtu ambaye akipewa nafasi ya kujitaja haiachi ipite, mnanijua.

"Kulikuwa na mtu anajaribu wino," nikasema.

Salma akatikisa kichwa taratibu.

"Lilikuwa limenyooka kuliko yote," akasema, akaingia ndani kwa wanawake wenzake.

Niliondoka na basi la mchana. Nauli ya kwenda shilingi kumi na nane, ya kurudi kumi na nane, rambirambi ishirini, chai ya Chalinze senti hamsini ambayo sikuimaliza. Jumla yake shilingi hamsini na sita na senti hamsini.